Mwana na Mnasihi Wake wa Skuli

 

Ndugu zetu Waislamu wa mwambao, mas'ala ya darsa yetu safari hii ni jambo ambalo kwa jina lake halimo katika vitabu tulivyodurusu kwa masheikh zetu, lakini kwa maana yake limo. Nalo ni khabari ya yule mwalimu ambaye katika skuli za Kenya huitwa mwalimu wa ushauri nasaha, na wanafunzi wenyewe hukiita chumba chake "gaidansi". Wengi wenu mna wana huko bara, khasa Nakuru na pande zake, Njoro, Gilgil na Naivasha, kwani huko mna skuli za kitaifa zipokeazo wana wa kaunti zote. Kutoka Mombasa hadi Nakuru ni mwendo wa kilomita 640 au karibu yake. Mwana wa miaka kumi na minne hupanda gari usiku, na asubuhi yampokea baridi ya Menengai, naye hana mama huko, wala shangazi, wala mwalimu wake wa chuoni. Akipatwa na jambo, amwendee nani?

Tumeletewa barua na baba mmoja wa mji wetu. Hatumtaji jina, wala hatuitaji skuli, na baadhi ya mambo tumeyageuza ili asijulikane. Asema kwamba binti yake, umri wake miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu katika skuli ya bweni ya upande huo. Yeye na nduguye walikwisha patana kuwa binti ataozwa mwana wa ami yake ifikapo likizo ya Desemba, na binti akaambiwa khabari hiyo kwa simu. Tangu siku hiyo akaacha kula, usingizi ukamtoka, akaanguka katika mitihani, na mwisho akaenda kwa mwalimu mshauri, mwanamke Mkristo, akamweleza yote. Mwalimu akamwita baba. Baba alipofika akaona kwamba mambo ya nyumba yake yajulikana na watu wasiokuwa wa dini yake, akaghadhibika. Sasa atuuliza: Je! binti huyu hakumsengenya babake na kumuasi? Na yafaa mwana wa Kiislamu kumfunulia siri yake asiyekuwa Muislamu? Na je, amtoe skuli?

Kabla ya kumjibu yafaa tujue walimu hawa wametoka wapi, kwani wako wanaodhani kuwa ni kitu kilichotungwa jana ili kuwatenga wana na wazazi wao. Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha idara ya ushauri mwaka 1971, na tume ya Bwana Gachathi ya mwaka 1976 ikahimiza kazi hiyo itiwe nguvu katika skuli. Lakini miaka mingi jambo lilibaki katika karatasi, maana bakora ilikuwapo, na penye bakora watu hawaoni haja ya maneno. Kisha ukaja usiku wa Machi 26, 2001, bweni la skuli ya Kyanguli, Machakos, likatiwa moto na wanafunzi wakafa wavulana 67. Mwaka huo huo serikali ikaondoa bakora katika skuli, na kamati iliyoongozwa na Bi Wangai ikachungua fujo za wanafunzi na kutaka ushauri utiliwe mkazo.

Nakuru nayo ina khabari yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuana katika Bonde la Ufa, na mwisho wa Januari 2008 damu ilimwagika Nakuru na Naivasha. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa kambi ya waliokimbia. Wana walioona nyumba zao zikichomwa walirudi darasani wakakaa kitako na madaftari mbele yao, na ndani ya vifua vyao mna yale waliyoyaona. Bakora ingewafaa nini hao? Walimu walioketi nao na kuwasikiliza walitenda jambo ambalo hapana muadilifu awezaye kulikanya.

Tusitie chumvi pia. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro hapo hapo, hufunza elimu hii ya ushauri, na tangu mwaka 2014 iko sheria ya kazi ya washauri na wanasaikolojia. Lakini mshauri katika skuli nyingi ni mwalimu wa Kiswahili au wa Biolojia mwenye vipindi vyake kamili, aliyeongezewa mzigo huu juu ya mizigo mingine, na "chumba" chake pengine ni pembe ya stoo. Anayemtarajia afanye miujiza amdhulumu.

Ama neno lenyewe, nasaha, ni letu. Wanavyuoni wa lugha, na Imam Khattabi ni mmoja katika walionakiliwa, wamesema kuwa Waarabu hulitumia kwa mtu aliyeishona nguo yake iliyotatuka. Basi mwenye kunasihi ni kama fundi aliyeshika sindano na uzi. Nguo iliyotatuka haipigwi, wala haitundikwi ukutani watu waione. Huwekwa juu ya magoti, ikageuzwa upande wa ndani, ikashonwa polepole. Na Mtume (s.a.w.), kama ilivyo katika hadithi ya Tamim ad-Dari iliyopokewa na Muslim, aliijaalia dini yote kuwa ni nasaha.

Basi na tuje kwa maswali ya ndugu yetu.

Kwanza, kusengenya. Imam Nawawi, katika kitabu chake Riyadhus-Salihina, ametaja mambo sita ambayo kwayo huruhusika kumtaja mtu kwa jambo asilolipenda. Katika hayo ni aliyedhulumiwa kumshitakia mwenye uwezo wa kumwondolea dhulma, na mwenye kutaka msaada wa kuondoa jambo baya, na mwenye kutaka fatwa. Dalili yake ni Hindi, mkewe Abu Sufyani, alipomwendea Mtume akamshitakia kuwa mumewe ni bakhili na hampi yeye na mwanawe kinachowatosha. Mtume hakumwambia nyamaza, usimtaje mumeo. Alimwelekeza achukue kiasi cha haja yake kwa wema. Ikiwa mke amtaja mumewe kwa ubakhili mbele ya Mtume na wala hakupata lawama, basi binti aliyesema kuwa hawezi kula wala kulala kwa ajili ya ndoa asiyoitaka amemsengenya nani?

Pili, kumuendea asiyekuwa Muislamu. Hapa twawaomba mtulie mtusikilize, maana jambo hili limewatia watu wengi khofu. Usiku wa Hijra, Makureshi walipokuwa wakimtafuta Mtume na Abubakar wamuue, ni nani aliyekabidhiwa ngamia wawili na kuambiwa siri ya pango la Thauri, na siku ya kukutana, na njia itakayofuatwa? Ni Abdullahi bin Uraiqit, mtu wa Bani Dil, naye wakati huo yu katika dini ya makafiri wa Kikureshi. Hadithi hii imo katika Bukhari. Walimwamini kwa sababu alikuwa mjuzi wa njia na muaminifu wa ahadi. Roho ya bora wa viumbe iliwekwa katika ulimi wa mtu huyo naye akautunza.

Lakini angalieni na upande wa pili: Ibn Uraiqit alichukuliwa kuwa kiongozi wa njia. Hakuchukuliwa kuwa kiongozi wa dini. Hapa ndipo penye mpaka. Mwalimu mshauri akimfunza mwana namna ya kupanga masomo yake, au namna ya kuishi na wenziwe wanaomcheka, au akamtuliza aliyefiwa na mamake, huyo ni mjuzi wa njia. Akianza kumwambia kuwa dawa ya huzuni yake ni kuingia kanisani, amekwisha toka katika kazi yake. Na hili si dai letu sisi tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yawapa wafadhili wa skuli, ambao wengi ni makanisa, haki ya kulea roho za wanafunzi, na papo hapo yawawajibisha kuilinda dini ya wengine. Mzazi ambaye mwanawe amepatwa na jambo hilo na amwandikie mwalimu mkuu kwa adabu na kwa sheria. Asipige kelele langoni.

Hata hivyo twawauliza wale walioitupa mikono juu kwa kuwa mshauri ni Mkristo: walimu wa Kiislamu wako wapi? Wangapi katika mabinti zetu waliopita vyuo vikuu wameozwa wakafungiwa ndani, na wangapi tumewahimiza wasomee kazi hii?

Tatu, hiyo ndoa yenyewe. Hapa, ndugu yetu, utatuwia radhi. Umetuuliza khabari ya ulimi wa bintiyo, nasi twaona shida iko katika ulimi wako wewe, uliotoa ahadi juu ya nafsi isiyokuwa yako.

Twajua mtakalotwambia: madhehebu yetu ya Shafii yampa baba ijbari, amwoze binti yake bikira bila ya kumtaka idhini. Kweli, imo vitabuni. Lakini wasomao ukurasa wasome na wa pili. Mafakihi wameitia ijbari hiyo masharti, na katika hayo ni kuwa pasiwe na uadui baina ya binti na babake, na mume awe kufu yake, na awe na uwezo wa mahari. Na vitabu hivyo hivyo vyasema kumtaka idhini ni sunna. Sunna hii imekwenda wapi katika miji yetu? Tena hadithi sahihi katika Muslim yasema kuwa bikira hutakwa idhini, na kunyamaza kwake ndio idhini yake. Imam Shafii mwenyewe aliwausia wafuasi wake kuwa hadithi ikisihi ndiyo madhehebu yake. Wanavyuoni wengi wa madhehebu mengine, Mahanafi, na katika Mahanbali Ibn Taymiyya, wamekataa bikira aliyebaleghe kulazimishwa. Kunyamaza kwa haya ni idhini. Kuacha kula wiki tatu si kunyamaza, ni kupiga ukelele.

Na iko hadithi ambayo kana kwamba ilisemwa kwa barua hii. Ameipokea Nasai kutoka kwa Bibi Aisha: msichana alimwingilia Bibi Aisha nyumbani kwake akamwambia kuwa babake amemwoza mwana wa ndugu yake ili ajitoe katika unyonge kwa ndoa hiyo, naye haitaki. Bibi Aisha akamwambia aketi mpaka Mtume aje. Mtume alipokuja akaambiwa, akatuma babake aitwe, akalirudisha jambo mikononi mwa yule msichana. Ndipo msichana akasema kuwa ameyaridhia aliyoyafanya babake, ila alitaka wanawake wajue kama wana neno katika jambo hili au hawana. Wako wanavyuoni wa Hadithi waliosema kuwa isnadi yake imekatika, na hatufichi hilo; lakini maana yake yashuhudiwa na hadithi ya Ibn Abbas katika Abu Daud, ya bikira aliyeshitaki akapewa khiari, na ya Khansa binti Khidham katika Bukhari, ambaye babake alimwoza bila ya radhi yake, naye alikuwa amekwisha kuolewa kabla yake, Mtume akaivunja nikaha hiyo.

Tazameni alivyokwenda msichana huyo. Hakupeleka neno lake kwa babake, kwani babake ndiye aliyemwoza. Alimwendea mwanamke mwengine, nyumba nyengine. Bibi Aisha hakumfukuza, wala hakumwambia rudi kwenu ukamtii babako. Alimwambia keti. Neno hilo moja ndilo kazi yote ya yule mwalimu wa Nakuru siku bintiyo alipogonga mlango wake. Na lile la pili, kumwita baba ili shauri liamuliwe mbele yake, mwalimu alilifanya pia. Waona vipi ulipoitwa ukaghadhibika?

Kisha jueni kuwa sheria ya watoto ya Kenya ya mwaka 2022 yakataza kuozwa aliye chini ya miaka 18. Hatulitaji hili ili kuwatisha. Twalitaja kwa sababu mwalimu akiambiwa na mwana jambo la namna hii hana ruhusa ya kulifunika.

Na hapa pana mas'ala ya siri, nayo yataka maneno kidogo. Vijana hulalamika kuwa walimwambia mshauri jambo Jumatatu, na Ijumaa walisikia likisemwa katika chumba cha walimu. Hili ni khiyana, na linaua mlango mzima, kwani mwana mmoja akifichuliwa mia hawaendi tena. Anas bin Malik alipokuwa mtoto alitumwa na Mtume kwa haja, akachelewa kurudi kwa mamake. Mamake, Ummu Sulaim, akamuuliza nini kilichomchelewesha. Akajibu kuwa ametumwa haja ya Mtume nayo ni siri. Mama hakumkamata sikio. Alimuusia asimwambie mtu yeyote siri hiyo. Mama zetu wangapi wana ubavu wa Ummu Sulaim? Wengi humpigia simu mwalimu mshauri kila wiki: mwanangu amekwambia nini? Bibi, kama angetaka ulijue angekwambia. Ngoja, na umfanye atamani kukwambia.

Lakini siri ina mwisho wake. Mwana akisema ataka kujiua, au kuna mtu amuingiliaye, au kwamba ndoo ya petroli imefichwa nyuma ya bweni, siri hiyo haifichwi, kwani sitara katika dini ni kwa kosa la mtu lililokwisha kupita baina yake na Mola wake. Sitara haikuwekwa kumhifadhi muuaji na kisu chake. Tume ya walimu ya Kenya ilitoa waraka mwaka 2010 wa kumwajibisha kila mwalimu aliyejua au kushuku kuwa mwanafunzi ameingiliwa atoe khabari kabla ya saa 24 kupita. Na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 2006 imemwekea mwalimu anayemghuri mwanafunzi wake adhabu isiyopungua miaka kumi ya kifungo. Mshauri mwema humwambia mwana tangu mwanzo: nitakutunzia siri yako, ila haya na haya siwezi. Mwana huyo huamini zaidi, wala hapunguzi imani.

Tena mlango. Mshauri mwanamume akikaa na msichana peke yao na mlango umefungwa, hiyo ni khalwa, hata wakizungumza Hesabu. Mlango na uwe wazi, au dirisha la kioo, au mwalimu mwanamke awepo karibu asiposikia maneno lakini aone. Na mabinti wapelekwe kwa mwanamke kila inapowezekana. Twaamini kuwa walimu wakuu wengi wataliitikia hili wakiombwa, kwa sababu lawahifadhi na wao.

Yabaki la nyumbani, nalo ndilo zito. Imam Ahmad amepokea kwa Abu Umama kuwa kijana alimjia Mtume akamtaka ruhusa ya kuzini. Watu waliokuwapo wakamkemea na kumnyamazisha. Mtume akamwambia asogee karibu, akasogea akaketi. Akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mamake, na kwa binti yake, na dada yake, na mashangazi zake wa kuumeni na kukeni, na kila mara kijana asema hapana. Kisha akaweka mkono wake juu yake akamwombea kusamehewa dhambi, na kusafika moyo, na kuhifadhika tupu yake. Abu Umama asema kijana hakuligeukia tena jambo hilo.

Sasa na aje kijana wa leo kwa babake, au kwa mwalimu wake wa chuoni, na swali kama lile. Hatasogezwa karibu! Atakipata kiatu. Wako walimu wa madrasa mpaka leo wadhanio kuwa bakora iliyoondolewa skuli mwaka 2001 imehamia kwao iwe sunna yao. Mwana huyo huyo Jumatatu huenda kwa mwalimu mshauri, akaambiwa keti, akapewa kikombe cha chai na kusikilizwa nusu saa. Kisha wazazi hustaajabu moyo wake ulikoelekea. Nabii Yaakub alijiwa na mwanawe na ndoto ya nyota kumi na moja na jua na mwezi, naye hakumcheka wala hakumwambia nenda kacheze; alimwita kwa neno la mapenzi, akamtahadharisha na vitimbi vya nduguze. Na Nabii Ibrahim, naye ameamrishwa na Mola wake jambo lisilokuwa na khiari, alimtaka mwanawe shauri aone nini kabla ya kulitenda. Ndugu yetu wa barua, wewe hukuamrishwa kwa wahyi umwoze mwana wa nduguyo. Mwache binti amalize kidato cha nne. Nenda kwa nduguyo umwambie kuwa posa imesita, ikiwa yu muungwana atafahamu. Usimtoe skuli.

Ama nyinyi ndugu zetu wa Nakuru, tuna haja kwenu. Nyinyi si wageni wa mji huo. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na Waislamu wa asili mbali mbali wamekaa hapo tangu siku za ujana wake, hata umekuwa jiji mwezi Desemba 2021. Wana wa pwani walioko katika skuli za kwenu ni wageni wenu. Skuli nyingi zina kipindi kimoja kwa wiki cha malezi ya dini, wanafunzi hukiita PPI. Wenzetu wa makanisa hupeleka watu wao, na wana wa Kiislamu mara nyingi hukaa chini ya mti wakingoja kipindi kiishe. Twaomba wajitolee wanaume wawili watatu, na wanawake zaidi ya hao, wenye elimu na subira, wajulikane kwa walimu wakuu na kwa walimu washauri, ili siku binti atakapouliza khabari ya nikaha, au ya eda ya mamake, au ya saumu katika siku zake, mshauri awe na nambari ya kupiga. Aliye tayari na aanze kwa skuli iliyo karibu naye. Amwandikie mwalimu mkuu kabla ya kwenda, achukue kitambulisho chake, akubali kukaa penye mlango ulio wazi, na juma la kwanza asiende na khutuba, aende kusikiliza.